Muhuri wa Dakika ya Kumi na Moja

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, na fomu za kibali ziliisha mwaka juzi. Basi tuiite nchi yetu. Wanaoishi humo wataitambua, na wasioishi humo wamshukuru Mungu kimyakimya bila kutuchekea.

Mimi ni Karani wa Majeruhi, Daraja la Pili, katika Shirika la Mkeka la Taifa. Kwa mgeni nieleze kwamba mkeka ni karatasi ya kubeti. Mtu anaandika humo nani atashinda na nani atafunga, anaweka dau lake, halafu anakwenda nyumbani kuusubiri utajiri. Mkeka ukienda kombo tunasema umechanika. Mikeka mingi huchanika. Nchi nyingine huuacha upuuzi huu kwa watu wa vijiweni. Sisi, kwa kuwa tumejaliwa viongozi wenye maono, tumeuingiza kwenye bajeti.

Wazo lilikuwa la Mheshimiwa Stambuli Makeke, Waziri wa Maendeleo na Bahati. Siku ya kusoma bajeti alivaa suti mbili, moja juu ya nyingine, kwa uzito wa tukio.

"Waheshimiwa wabunge," alisema huku jasho likimtiririka, "kwa miaka mingi tumejaribu kuwajengea wananchi visima na zahanati kwa kutumia fedha. Njia hiyo imeshindwa, kwa sababu fedha huisha. Bahati haiishi! Kuanzia leo kila kata itapewa mchezaji wake wa mpira. Mchezaji akifunga, kata inajengewa. Asipofunga, kata inajifunza uvumilivu, ambao nao ni maendeleo."

Wabunge walipiga meza mpaka glasi mbili zikavunjika. Mmoja wao, ambaye baadaye hakupewa tena nafasi ya kugombea, aliuliza itakuwaje mchezaji akivunjika mguu mapema, kabla hata ya kutoka jasho. Ndipo ikaongezwa Ibara ya Kumi: mchezaji akiumia kabla ya dakika ya kumi kutimia, dau lote linarudishwa kwa wenyewe. Mheshimiwa aliisoma ibara hiyo kwa sauti ya huruma, na kitambaa mkononi. Uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata.

*

Kata ya Mwisholami iko palepale lami inapoishia. Ina zahanati moja na mkunga mmoja, Sista Sikudhani, mama wa miaka hamsini na ushee ambaye nusu ya kata ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia. Miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, upepo uliezua paa la chumba cha kujifungulia. Sista aliandika barua wizarani kuomba bati kumi na mbili. Aliandika tena, na tena. Jibu lilikuja mara moja tu: "Barua zako zimepokelewa na zinaendelea kupokelewa."

Mvua ikinyesha mama akiwa na uchungu, ndugu zake wanne walishika turubai kila mmoja kwenye pembe yake. Kama ndugu ni wanaume, walishika huku wamegeuza shingo kutazama ukutani, na wapo wazee wa Mwisholami ambao shingo zao hazijanyooka mpaka leo.

Mwisho watu walichoka kuandika. Walilima karanga, wakauza, wakachanga, na hela ya bati kumi na mbili ikatimia. Ndipo Wizara ilipofika, ikiwa na ofisa mmoja na askari wawili.

"Msinunue bati," ofisa aliwashauri. "Huo ni umaskini wa fikra. Kata yenu imepewa Ngwali Mtondoo, mshambuliaji hatari kuliko wote nchini. Hela yenu inaingia kwenye mkeka wake. Akifunga fainali, mnapata zahanati ya ghorofa."

"Sisi tunataka paa tu, mwanangu," Sista alisema. "Ghorofa tutazalia wapi, kwenye ngazi?"

Ofisa alicheka, askari hawakucheka, na hela ikaingia kwenye mkeka.

Wiki hiyohiyo likaja lori la Serikali limebeba bati. Watu walishangilia mapema. Zilikuwa bati ishirini na nne, mpya, nzito, zinang'aa, na zote zilipigiliwa kwenye miti mirefu kando ya zahanati zikawa bango. Juu yake mchoraji aliuchora uso wa Mheshimiwa Makeke akitabasamu, na chini maneno: BAHATI YAKO IKO NJIANI. Mdomoni palitobolewa tundu kubwa, ikawekwa spika, na kila alfajiri mdomo ule uliwaambia wagonjwa: "Ndugu zangu wa Mwisholami, subira yavuta heri."

"Fundi," Sista alimwita mmoja wa wale waliokuwa wakipigilia, "hizo bati si zingetosha kuezeka chumba changu na nyingine zikabaki?"

"Zingetosha, Sista. Lakini hizi ni za uhamasishaji. Si za mvua."

Masika yalibakiza wiki tatu.

*

Fainali ilichezwa Jumamosi katika Uwanja wa Taifa. Nilikaa kando ya mstari na vifaa vyangu: saa, wino na muhuri. Kazi yangu ni nyepesi. Mchezaji akiumia naandika dakika, Kamati ya Uthibitisho inashuka kumkagua, kisha napiga muhuri. Kisheria hakuna mtu aliyeumia mpaka muhuri upigwe. Kamati ina wajumbe watatu: Mheshimiwa Waziri, katibu wake, na dereva wa katibu wake, ambaye anawakilisha umma.

Dakika ya tatu Ngwali alipokea pasi hatua chache kutoka golini. Beki akamkanyaga mguu wa kulia. Mlio wa mfupa ulikuwa kama kuni inayovunjwa gotini. Refa, ambaye ni mwajiriwa wa Shirika letu, aliangalia mawingu, akaridhika kwamba hakuna mvua, akaashiria mchezo uendelee.

"Nitoeni jamani!" Ngwali alipiga kelele. "Mguu umekatika! Mama yangu wee, nitoeni!"

Niliandika: dakika ya tatu, mchezaji anadai ameumia. Wabeba machela waliinuka. Nikapanda mbio hadi jukwaa kuu, ambako Mheshimiwa alikuwa ndio kwanza amefunuliwa sinia la biriani.

"Mheshimiwa, Ngwali Mtondoo amevunjika. Kamati inahitajika uwanjani."

"Dakika ya ngapi?"

"Inaingia ya tano, Mheshimiwa."

Alilitazama sinia, akanitazama mimi, akalirudia sinia. "Wangapi wamemwekea mkeka huyo?"

"Kata ni moja tu, Mwisholami. Lakini watu binafsi ni nusu ya uwanja."

"Basi asitolewe. Aliye ndani ya mistari ya chaki ni mchezaji. Majeruhi ni yule aliye nje ya chaki. Na Kamati haiwezi kukagua ikiwa na njaa. Ni hatari kwa haki."

Nilishuka nikawaambia wabeba machela wakae. Mmoja aliniuliza kama nina mama. Nilimjibu kwamba swali hilo halimo kwenye taratibu.

Mchezo uliendelea kumzunguka Ngwali. Wachezaji wenzake walimruka, beki aliyemvunja alimwomba radhi kila alipopita, na mtangazaji wa redio, ambaye naye ni mwajiriwa wetu, aliliambia taifa: "Ngwali leo ametulia mno, wasikilizaji! Anausoma mchezo kutoka chini!"

Dakika ya nane ilipigwa kona. Ngwali aliinua kichwa kuita machela kwa mara nyingine, na mpira ukaja ukamgonga katikati ya paji la uso, ukaingia wavuni.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Refa, kwa mazoea ya ujana wake alipokuwa refa wa kweli, alipuliza filimbi na kuonyesha kati. Alipokumbuka mshahara wake alikuwa ameshachelewa. Huko Mwisholami, niliambiwa baadaye, watu walitupa viti juu. Sista Sikudhani hakucheza. Alichukua kamba, akapanda ngazi, akaanza kupima kenchi za paa.

Jukwaani mfupa ulimkwama Mheshimiwa kooni. Dereva wa katibu, kwa niaba ya umma, alimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mfupa ukatoka. Hapo sasa Kamati ikashuka. Ilitembea polepole, ikasalimia watu, ikapiga picha na kipa wa akiba. Ilipofika kwa Ngwali saa yangu ilikuwa imesogea hadi dakika ya kumi na moja.

"Umeumia?" Mheshimiwa alimwuliza.

"Nimeumia, mzee! Tangu dakika ya tatu!"

"Sikukuuliza tangu lini." Akanigeukia. "Karani, andika: Kamati imethibitisha jeraha dakika ya kumi na moja. Piga muhuri."

Nikapiga. Muhuri wangu haujawahi kukataa kazi, na mimi vilevile.

Wakati wa mapumziko likatolewa tangazo. Goli la dakika ya nane limefutwa, kwa kuwa lilifungwa na mtu aliyekuwa majeruhi, na majeruhi hafungi. Mkeka wa Mwisholami ukawa umechanika.

*

Siku tano baadaye alifika dirishani kwangu mama mmoja aliyevaa sare nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba. Nyuma yake, juu ya kiti cha bodaboda iliyoegeshwa kivulini, alikaa Ngwali Mtondoo na mguu uliofungwa vipande viwili vya mbao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Sista Sikudhani, natoka Mwisholami. Nimefuata dau letu."

Nilimwonea huruma kwa ujinga wake wa sheria, nikamweleza taratibu. Mlalamikaji huleta majeruhi mwenyewe, akiwa amesimama, pamoja na cheti cha hospitali.

"Cheti hana. Hospitali Kuu walimkataa," alisema. "Waliona karatasi moja inasema dakika ya nane alikuwa majeruhi, nyingine inasema aliumia dakika ya kumi na moja. Wakamwambia arudi akishaumia kwa wakati mmoja."

"Na klabu yake?"

"Klabu imempa kadi ya pole na notisi ya kuhama nyumba. Akapanda lori akaja kwetu kuwaomba watu radhi. Hebu fikiria. Mtu kavunjika mguu, anazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi. Nikamwambia kaa hapa, baba, nikufunge huo mguu."

Nilitazama pale kivulini. Ngwali alinipungia mkono, maana alinikumbuka. Sikuinua wangu.

"Mwanangu," Sista aliendelea, "mimi sheria sikusoma, lakini kuhesabu najua. Dakika ya nane Ngwali alikuwa mzima au alikuwa mgonjwa? Kama alikuwa mzima, goli ni halali, tupeni zahanati. Kama alikuwa mgonjwa, aliumia kabla ya dakika ya kumi, turudishieni dau letu nikanunue bati. Ghorofa siitaki. Wiki ya mvua nina akina mama saba wanaojifungua."

Nilifungua kitabu cha taratibu nikatafuta jibu. Nilitafuta mpaka wakati wa chai. Halafu nikafanya kile ambacho mtumishi mwaminifu hufanya akikutana na ukweli kazini: niliupeleka ngazi ya juu.

*

Tume ya Rufaa ya Mikeka ina wajumbe watatu, na kwa kubana matumizi ni walewale wa Kamati. Ilikaa kwenye ukumbi wenye zulia jekundu na dari mbili, ya pili ikiwa ya kuizuia ya kwanza isipate vumbi. Sista aliitazama dari ile kwa muda mrefu.

Aliirudia mbele yao ile hoja yake ya mzima na mgonjwa, kisha akasema, "Basi, Mheshimiwa, chagua moja."

Mheshimiwa Makeke aliinuka. Akavua miwani, akaivaa.

"Mama yangu," alisema, "wewe ni mtaalamu wa kuzalisha, na mimi siingilii fani yako. Lakini hili ni suala la dola. Mtu wa kawaida huchagua moja. Mwenye duka huchagua moja. Serikali ndogondogo zisizo na dira huchagua moja. Serikali hii haichagui moja! Serikali hii inachukua yote mawili!"

Katibu alipiga makofi. Dereva, kwa niaba ya umma, alikuwa amelala.

Hukumu ilisomwa palepale, maana ilikuwa imechapwa tangu juzi. Ilisema: "Kati ya dakika ya tatu na ya kumi na moja, mchezaji Ngwali Mtondoo alikuwa katika hali ya uzima wenye mashaka. Alikuwa mzima kwa madhumuni ya kurudisha dau, na majeruhi kwa madhumuni ya kufunga goli. Kitu kimoja kinaweza kuwa na hali mbili kwa wakati mmoja, iwapo hali hizo zina manufaa kwa taifa."

Nitakuwa mwongo nikisema sikuvutiwa. Kwa miaka kumi na moja ya utumishi, tangu kabla ya Shirika kuwapo, nilikuwa nimepiga mihuri kwenye uongo wa kawaida, ule wa rejareja. Huu ulikuwa wa jumla.

Ngwali alikuwa amesimama kwa mguu mmoja muda wote, kama taratibu zinavyotaka, ameshikilia ukuta. "Mheshimiwa," alisema taratibu, "mimi nilikuwa pale chini. Nilikuwa nalia."

"Kulia hakumo kwenye mwenendo wa kesi," alijibiwa.

Nilitegemea Sista atapiga yowe au ataanguka. Alikunja kanga yake vizuri begani, akaja mezani kwangu.

"Mwanangu, nipe nakala ya hukumu. Na uipige muhuri."

"Ya nini tena, Sista? Umeshindwa."

"Nipe tu."

Nikampa. Aliikunja mara nne akaisunda kifuani, akamshika Ngwali kiuno, wakatoka nje kwa miguu mitatu.

*

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa aliniita akiwa amekasirika sana. Bango la Mwisholami limeumia. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye taarifa, kwa kuwa hakuna ofisa aliyethubutu kuandika kwamba uso wa Waziri umeibwa. Nikaagizwa niende na muhuri wangu nikathibitishe limeumia dakika gani, ili wahusika wafungwe kwa usahihi.

Nilifika mvua ikimwagika. Ile miti mirefu ilikuwa imesimama mitupu. Spika ilikuwa barazani, imelazwa kama bakuli, na kuku alikuwa ameatamia ndani yake. Nikainua macho, nikaona chumba cha kujifungulia kina paa la bati za bango, jipya, linang'aa, na juu yake, mguu mmoja umenyooshwa mbele kama mpini, ameketi Ngwali Mtondoo na nyundo anagongea msumari wa mwisho.

"Karibu, Bwana Karani!" alisema. "Leo niko nje ya chaki!"

Sista alitoka mlangoni na mikono iliyolowa mpaka kwenye kiwiko. Kabla sijafungua kinywa alichomoa ile karatasi kifuani akaikunjua.

"Umeona muhuri wa nani huu?"

"Wangu, Sista."

"Haya, sikiliza. Bango la Mheshimiwa limo katika hali ya usimamaji wenye mashaka. Limesimama kwa madhumuni ya kumtukuza, na limelala kwa madhumuni ya kuzuia mvua. Kitu kimoja kinaweza kuwa na hali mbili. Hamkusema hivyo? Au niwaite waliosema?"

Maji yalinitiririka shingoni. Ndani mama mmoja alipiga kelele ya uchungu, na hakuna mwanaume aliyekuwa ameshika turubai. Wanne walikuwa wamekaa barazani wanacheza karata, shingo zao zimepumzika. Niliona aibu. Nasema wazi, niliona aibu kama mtu aliyekutwa anakula chakula cha mgonjwa, nikaikumbuka ile dakika ya tano nilipowaambia wabeba machela wakae.

"Bango liliumia dakika ya ngapi?" niliuliza, kwa kuwa ilikuwa kazi yangu.

Ngwali alifikiri kidogo huko juu. "Ya kumi na moja," alisema.

Nikaandika hivyo. Nikapiga muhuri. Kwa mujibu wa sheria zetu, jambo likithibitishwa dakika ya kumi na moja hakuna anayerudishiwa chochote.

Mheshimiwa aliisoma taarifa yangu mara mbili. Ama angeikataa hukumu yake, ama angeukubali uamuzi wa Mwisholami. Akachukua yote mawili, kama kawaida yake: alinifukuza kazi mimi, na kwenye bajeti iliyofuata alilitangaza paa la Mwisholami kuwa tunda la kwanza la Mpango wa Mkeka. Wabunge walipiga meza.

Sasa naishi hukohuko, nalima karanga, na namshikia Ngwali ngazi kila panapohitajika. Alijengewa chumba nyuma ya zahanati. Mguu ulipona umepinda na mpira haurudi tena, na hakuna aliyemrudishia huo. Bati zilipigiliwa kwa haraka, upande wa rangi ukawa chini, kwa hiyo kila anayelala pale kujifungua anatazamana na Mheshimiwa Makeke akitabasamu. Akina mama wengine huogopa. Wiki iliyopita mmoja, katikati ya uchungu, alimshika Sista mkono akauliza kama paa hilo halivuji.

"Linavuja mahali pamoja tu," Sista alimjibu. "Pale kwenye mdomo. Tumeweka beseni."

Na beseni hilo, mvua ikinyesha, hujaa mara tatu kwa siku. Maji yake tunayamwaga chooni.